Jina Lililotangulia Genge: Habari za Makundi ya Vijana katika Vitongoji vya Dar es Salaam

Jioni ya Ijumaa, tarehe 2 Januari 2015, katika saa ambayo wenye maduka ya Sinza, Mwananyamala na Magomeni aghalabu huwasha taa na kujiweka tayari kwa biashara ya usiku, ulizagaa uvumi kwamba Panya Road wanakuja, na kabla mtu hajapata wasaa wa kuuliza ni wangapi, wametokea wapi na wameshika nini, milango ilikuwa imekwisha kukomewa, baa zimebaki na viti vitupu, na watu wazima wenye heshima zao wanakimbia barabarani bila kujua wanamkimbia nani. Chanzo, kama kilivyoelezwa baadaye, kilikuwa ni kijana mmoja aliyeuawa na umati huko Tandale kwa tuhuma za uhalifu. Wenzake walikwenda kumzika, na waliporejea kutoka makaburini baadhi yao wakaanza kufanya ghasia na kupora. Mkasa wenyewe ulikuwa wa mahali pamoja, lakini taharuki yake ilifika Kigogo, Buguruni na Tabata kwa mwendo wa simu za mkononi. Katika siku chache zilizofuata, Polisi wa Kanda Maalum ya Dar es Salaam, chini ya Kamishna Suleiman Kova, waliwakamata vijana kwa mamia.

Waliolikimbia jina usiku ule walikuwa wengi mno kuliko waliowaona wenye jina, na hilo ndilo linalonifanya niianzie hapo habari hii. Wengi wetu tumezoea kudhani kwamba genge huzaliwa kwanza mafichoni, likapata mkuu wake, sheria zake na viapo vyake, kisha likatoka kuishambulia jamii kama jeshi la kigeni. Historia ya mji huu, kwa kadiri niwezavyo kuifuatia, inatoa ushahidi wa kinyume chake: jina hutangulia, na genge hulifuata. Vijana waliokuwa wakishinda kijiweni bila ya shughuli hujikuta wamepewa na magazeti, na redio, na polisi, na majirani zao wenyewe, cheo ambacho wasingekuwa na uwezo wa kujitungia. Na kijana asiye na cheo kingine chochote duniani huwa mzito kukikataa alichopewa bure.

Kukusanyika kwa vijana kwa majina, sare na hasimu hakukuanza jana. Tangu zama za Wajerumani, walioufanya mji huu ulioasisiwa na Sultani Majid wa Unguja kuwa makao makuu ya himaya yao mwaka 1891, na zaidi baada ya Vita Kuu ya kwanza, vijana wa pwani yote, kuanzia Lamu na Mombasa mpaka Tanga na Dar es Salaam, walijigawa katika ngoma za beni, mashuhuri zaidi zikiwa Marini na Arinoti, ambazo zilikuwa na wafalme wao, majemadari wao, makatibu wao, gwaride lao na matusi yao ya kishairi kwa upande wa pili. Ulipofika mwaka 1935 ikazaliwa Yanga, na mwaka uliofuata wakatokea wale waliokuja kujiita Sunderland, ambao leo ni Simba, na ushindani ukahama kutoka uwanja wa ngoma kwenda uwanja wa kandanda. Mtu akiyatazama makundi hayo kwa mbali ataona yalikuwa na takriban kila kitu kilicho katika genge: jina la kujivunia, mipaka ya mitaa, hasimu wa kudumu, na hata ngumi pale mambo yalipochacha. Yalikuwa na kimoja zaidi, nacho ni wazee. Mweka hazina wa beni alikuwa mtu mzima mwenye familia; aliyevunja kanuni alitozwa faini na watu wanaomjua baba yake.

Waliokosa wazee ni wale walioingia mjini peke yao. Sensa ya mwaka 1948 iliwahesabu wakazi wa Dar es Salaam kuwa 69,227. Ile ya 1957 ikawakuta 128,742. Na katika nyongeza hiyo walikuwamo vijana wengi waliotoroka mashamba ya baba zao, au shule, au vyote viwili, wakaja kulala kwa ndugu wa mbali, Kariakoo na Ilala, chumba kimoja watu sita, mpaka ukarimu wa ndugu ulipofikia kikomo. Serikali ya Mwingereza ilijenga nyumba za Waafrika Ilala, Magomeni na Temeke, zilizoitwa kota, lakini hazikuweza kukidhi haja. Kwa waliobaki nje ya hesabu, dawa iliyopatikana ilikuwa ni kamata-kamata: askari walizunguka alfajiri wakiuliza stakabadhi za kodi, na asiye nayo, wala asiye na kazi ya kuonyesha, alipakiwa na kurudishwa kwao. Wengi walirudi mjini kabla karatasi zao hazijapangwa kwenye majalada. Dawa hiyo, iliyoshindwa tangu siku ya kwanza, imeendelea kutolewa na kila serikali iliyofuata, na sijui dawa nyingine katika mji huu iliyotumika muda mrefu namna hiyo bila ya mgonjwa kupata nafuu.

Vijana hao wa miaka ya 1950 ndio walioitwa wahuni, nao walikuwa na mtindo wao, uliotoka kwenye sinema. Katika majumba kama Avalon na Odeon zilionyeshwa filamu za wachunga ng'ombe wa Marekani, na mtoto wa Temeke aliyepata senti za kiti cha mbele alitoka humo akiwa amejifunza namna ya kutembea, namna ya kusimama ameegemea nguzo, namna ya kuvaa suruali ya kubana miguu, na namna ya kumtazama mpinzani bila ya kupepesa. J. A. K. Leslie, ofisa wa serikali aliyeupima mji mtaa kwa mtaa mwaka 1956 na kitabu chake kikachapishwa mwaka 1963, aliwaeleza vijana hao kwa kirefu. Na miongo kadhaa baadaye mwanahistoria Andrew Burton alizifukua nyaraka za ukoloni na kuonyesha jinsi maofisa walivyoshughulishwa na mavazi yale kama kwamba suruali ndiyo iliyokuwa ikiiba. Wala haikuwa Dar es Salaam peke yake. Katika miaka ile ile, kule Léopoldville ya Kongo, ambayo sasa ni Kinshasa, vijana waliojiita Bills, kwa kumwiga Buffalo Bill wa filamu, waligawana vitongoji na kutunga lugha yao wenyewe, na kule Johannesburg matsotsi walijipamba kwa mitindo ya majambazi wa Hollywood. Filamu moja ilipita katika miji mingi, na kila mji ukawa na wachunga ng'ombe wasiomiliki hata ndama.

Ningependa msomaji alitazame kwa makini lile lililotokea baadaye, kwa kuwa mara chache husimuliwa pamoja na habari hizi. TANU, katika harakati za kudai uhuru, haikuwafukuza vijana wa vijiweni, iliwaita. Umoja wa Vijana uliwapa wengi wao sare ya kijani, gwaride, wimbo na kazi ya kulinda mikutano, na inastaajabisha jinsi watu wale wale waliokuwa adha kwa mkoloni walivyokuwa ngome ya chama. Mwaka 1963 likaanzishwa Jeshi la Kujenga Taifa kwa nia hiyo hiyo. Lakini kijana aliyepewa sare na adui huendelea kumtafuta adui hata pale vita vinapokwisha, na mwezi Oktoba 1968 Umoja wa Vijana ulitangaza Operesheni Vijana, ya kupiga marufuku sketi fupi, mawigi, dawa za kujichubua ngozi, na suruali za kubana, ianze kazi tarehe mosi Januari 1969. Haikungoja tarehe hiyo. Huko Kariakoo makundi ya vijana yaliwasimamisha akina dada vituoni, yakawazomea na kuwachania nguo mchana kweupe. Miaka kumi nyuma aliyevaa suruali ya kubana alikuwa mhuni na aliyemkamata alikuwa askari wa mkoloni; sasa aliyemkamata alikuwa kijana mwenzake, wa mtaa ule ule, na kilichowatenganisha kilikuwa ni kitambaa cha kijani.

Miaka iliyofuata haina mengi ya kutuweka. Mwaka 1976 ilikuja operesheni ya kila mtu afanye kazi, na mwaka 1983, wakati wa Waziri Mkuu Edward Sokoine, sheria ya Nguvu Kazi, ambayo chini yake wazururaji, wauza karanga na wapiga viatu rangi walisombwa kwenye malori na kupelekwa vijijini. Walirudi.

Kilichowazuia vijana wa zama hizo wasiwe magenge, kwa maoni yangu, si malori. Ni mjumbe wa nyumba kumi. Mfumo huo, ulioanzishwa na TANU katikati ya miaka ya 1960, ulimpa mtu mmoja dhamana ya kujua nani analala wapi, mgeni ametoka mkoa gani, na mtoto wa fulani kwa nini hakuonekana shuleni. Ulikuwa na karaha zake, kwani wajumbe wengine waligeuka kuwa wapelelezi wa ndoa za watu na magawio ya sukari, na wala simtamani arudi na madaraka yale yote. Lakini mtoto wa Manzese aliyeanza kuja nyumbani na saa isiyo yake alikuwa na uhakika kwamba kabla ya wiki kwisha kuna mtu mzima atakayeketi barazani kwao na kuuliza. Mwaka 1992, siasa za vyama vingi ziliporejea, mjumbe alibaki kuwa mtu wa chama kimoja miongoni mwa vyama, na kazi yake ikamwangukia mwenyekiti wa serikali ya mtaa, ambaye mtaa wake waweza kuwa na maelfu ya watu, nusu yao wapangaji wanaohama kila kodi inapopanda.

Na mji, wakati huo, ulikuwa ukifura. Sensa ya 1967 ilipata watu 272,821. Ya 2012 ikapata 4,364,541, na kati yao wilaya ya Kinondoni peke yake, kabla haijamegwa na kupatikana Ubungo, ilikuwa na 1,775,049, na Temeke, kabla ya Kigamboni, 1,368,881. Katika miaka ya 1970 Benki ya Dunia ilitoa fedha za kupima viwanja Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, na kuboresha makazi yaliyojijenga yenyewe huko Manzese, Mtoni na Tandika. Barabara zikapitishwa, mabomba yakafika. Baada ya hapo watu walijenga mbele ya ramani. Mbagala, Chamazi, Kigogo na Tandale zilijaa nyumba zilizopandana ukuta kwa ukuta, na katikati yake vichochoro ambavyo mtu mwenye mwili mnene huvipita kwa ubavu. Gari la polisi haliingii humo. Mtoto aliyekulia humo anazijua kona zote gizani, na jina la Panya Road, kwa yeyote aliyewahi kupita njia hizo za panya usiku, halihitaji mfasiri.

Kijana huingiaje? Wanaodhani kuna siku ya kuandikishwa watangoja sana. Kijiwe, au maskani kama wengine wapendavyo kusema, ni gogo, au matofali mawili, au benchi la fundi baiskeli aliyefunga kazi, chini ya mwarobaini au pembeni mwa banda la kuonyeshea mpira; mchana wanakaa waendesha bodaboda wakingoja abiria, jioni wanakuja waliotoka kwenye vibarua, na usiku wanabaki wale wasio na mahali pa kuwahi. Mtoto wa miaka kumi na miwili au kumi na mitatu huanza kwa kutumwa: kalete sigara, kaangalie kama mzee fulani amelala, kamwambie dogo wa kule aje. Chenji anaachiwa. Kisha anapewa jina, na jina hilo si alilopewa na wazazi wake. Ni la mchezaji, au la mwanamuziki, au la kilema chake mwenyewe kilichogeuzwa kuwa sifa. Siku akipigwa na vijana wa mtaa mwingine, wakubwa wa kijiweni huenda kumlipia kisasi, na kwa mtoto ambaye baba yake hajulikani aliko na mama yake hutoka saa kumi za usiku kufuata samaki Feri na kurudi jua limezama, huenda hiyo ikawa ni mara yake ya kwanza kuona watu wazima wakisimama kwa ajili yake. Anakuwa na deni. Hakuna aliyeliandika, wala hakuna atakayelidai kwa maneno, ila siku ikifika ya kuambiwa twende, hana namna ya kubaki.

Wala haendi kufanya kazi kubwa. Kundi la vijana ishirini au thelathini linapoingia kwenye kichochoro usiku, wenye mapanga yanayochapwa ukutani ili yalie ni wachache, nao wako mbele. Nyuma yao ni watoto ambao kazi yao ni kuwa wengi. Panga lenyewe si silaha ya kutafutwa mbali, kwani kila nyumba inalo la kufyekea majani na kukatia nazi, na kwenye duka la vifaa vya ujenzi huuzwa bila ya maswali. Zinachukuliwa simu, pochi, luninga, mtungi wa gesi. Kabla ya adhuhuri simu zimekwisha kufika kwa fundi asiyeuliza risiti, zikafunguliwa vioo na betri, na kilichomfikia mtoto aliyekuwa nyuma ni fedha ya chipsi na soda. Mtu huyo wa kati, anayenunua, ndiye pekee anayepata faida ya kueleweka katika biashara hii yote, na katika habari nyingi nilizosoma kuhusu misako, jina lake halimo.

Majina ya makundi, kwa upande mwingine, yalienea yenyewe. Walisikika Komando Yosso, kwa lile neno ambalo wapenzi wa kandanda huwaitia wachezaji chipukizi; wakaja Mbwa Mwitu; wakaja Panya Road, na kati ya mwaka 2013 na 2015 hapakuwa na uporaji wa vijana zaidi ya watano, uwe umetokea Mbagala au Mwananyamala, ambao haukuhesabiwa kuwa ni wa mojawapo ya hao. Hapa ndipo neno langu la mwanzo linapopata ithibati. Hapakuonyeshwa kamwe mkuu mmoja wa Panya Road, wala hazina yake, wala kiungo cha amri baina ya vijana wa Temeke na wa Kinondoni. Lilikuwa ni vazi lililoanikwa hadharani, na yeyote mwenye kimo cha kulivaa alilivaa, kwa sababu kundi la watoto wasiojulikana likiingia mtaani huenda likafukuzwa kwa mawe, ilhali wakisema sisi ni Panya Road, milango inafunguliwa na simu zinatolewa bila ya kuombwa mara mbili.

Siwezi kuupita mwaka huo wa 2013 bila ya kutaja jambo jingine. Watoto walioingia darasa la kwanza mwaka 2002, ada ya shule za msingi ilipokwisha kufutwa na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) ukajaza madarasa, ndio waliokuwa kidato cha nne mwaka 2012, wengi wao katika shule za kata zilizojengwa haraka. Matokeo yao yalipotangazwa Februari 2013, takriban asilimia 60 walikuwa wamepata sifuri. Ghadhabu ya umma ilikuwa kubwa hata yakafutwa na kupangwa upya. Sidai kwamba sifuri inamfundisha mtu kushika panga, na wengi wa waliopata sifuri leo ni mafundi, mama lishe na madereva wenye kuheshimika. Ninasema tu kwamba katika mwaka ambao magazeti yalikuwa yakiuliza vijana hawa wametoka wapi, jibu la sehemu moja lilikuwa limebandikwa kwenye mbao za matangazo za shule.

Lawama kubwa zaidi iliangukia muziki. Kigodoro, ile sherehe ya usiku kucha inayofanywa uwanjani au katikati ya njia, kwa turubai, spika zilizopangwa kimo cha ukuta na kinanda kidogo cha mchiriku, mara kwa mara kilipigwa marufuku, kwa hoja kwamba ndipo vijana wanapokutana na kupanga hujuma zao. Ni kweli wanakutana hapo. Na wapi pengine wakutane? Kutoka katika vigodoro hivyo hivyo vya Manzese, Mburahati na Mbagala ulitoka muziki wa singeli, wenye mwendo wa kasi ya kumtoa mtu jasho akiwa amesimama, uliodharauliwa kwa miaka mingi kuwa wa wahuni, mpaka wasanii kama Msaga Sumu walipoufikisha redioni na wengine wakaupeleka katika matamasha ya Ulaya. Ukitaka kumtafuta mrithi halisi wa Marini na Arinoti katika karne hii, mtafute hapo: mitaa inayoshindana kwa sauti, majina ya kujitukuza, na vijana wanaotunzana noti za elfu moja mbele za watu.

Jirani zetu wa Mombasa wana habari zinazofanana na hizi, zenye damu zaidi. Kisauni na Mji wa Kale zilisumbuliwa na makundi kama Wakali Kwanza na Wakali Wao, ya wavulana wengine wasiozidi umri wa shule, wenye kuvamia barabara nzima kwa mapanga. Na kabla yao, Kenya ya bara ilikuwa na Mungiki, waliopigwa marufuku mwaka 2002. Mungiki walikuwa na viapo, viongozi, na kodi walizotoza kwa magari ya matatu, nao walikuwa karibu na wanasiasa. Wale wa Dar es Salaam hawajafikia huko. Mmarekani Frederic Thrasher, aliyechunguza magenge 1,313 ya Chicago na kuchapisha kitabu chake mwaka 1927, alihitimisha kwamba mengi yalianza kama makundi ya watoto wachezao, na kilichoyafunga pamoja ni ugomvi na watu wa nje. Angezaliwa Tandika asingehitaji kuhesabu mengi hivyo.

Ugomvi huo sisi tumeutoa kwa ukarimu. Sungusungu, walioanza huko Kahama mwanzoni mwa miaka ya 1980 kuwalinda Wasukuma na Wanyamwezi dhidi ya wezi wa ng'ombe, waliletwa mjini, na Augustine Mrema alipokuwa Waziri wa Mambo ya Ndani baada ya 1990 akawahimiza kwa nguvu zake zote. Kuanzia 2006, chini ya Inspekta Jenerali Said Mwema, ikaja polisi jamii na ulinzi shirikishi, wa vijana wenye filimbi na marungu wanaolipwa kwa michango ya nyumba kwa nyumba. Michango inapokwisha ulinzi nao huisha. Na pale ambapo hapakuwa na mlinzi, walikuwapo wale ambao magazeti yetu huwaita wananchi wenye hasira kali, msemo ambao umetumika mara nyingi mno hata hautuambii tena kwamba mtu amechomwa moto na majirani waliomwona akijifunza kutembea. Kila kifo cha namna hiyo kina maziko yake, na maziko yana waombolezaji wa rika la marehemu. Ghasia za Januari 2015 zilitoka makaburini.

Mwaka 2022 jina lilirudi. Mnamo mwezi Mei Mkuu wa Mkoa, Amos Makalla, aliagiza msako baada ya mfululizo wa uvamizi wa nyumba. Mwezi Septemba mwanafunzi mmoja wa chuo aliuawa huko Kawe na watu waliovamia nyumbani kwao usiku, mji mzima ukahuzunika, na siku chache baadaye Polisi wakatangaza kuwaua watuhumiwa sita katika majibizano. Wengi walishangilia. Wavulana waliovamia mwaka ule, kama umri wao ulivyotajwa, walikuwa bado wanasoma shule ya msingi usiku ule wa taharuki wa 2015. Hawakurithi kutoka kwa wakubwa wao mali wala maskani wala mkuu wa kuwafunza, ila jina tu, na walilikuta likiwa bado kali.

Kwa wanaofikishwa mahakamani, sheria haina huruma: unyang'anyi wa kutumia silaha, na panga ni silaha, adhabu yake haipungui miaka 30 jela, na kosa hilo aghalabu huachwa nje ya misamaha ya Rais. Aliye chini ya miaka 18 analindwa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, naye hupelekwa mahabusu ya watoto Upanga na mahakama yao Kisutu, na akipatikana na hatia huenda akapelekwa shule ya maadilisho ya Irambo, Mbeya, mbali na kila mtu anayemjua. Lakini kabla ya adhabu kuna ushahidi. Tangu hukumu ya Mahakama ya Rufani katika shauri la mrufani aliyeitwa Waziri Amani mwaka 1980, shahidi anayedai kumtambua mtu usiku hana budi kueleza palikuwa na mwanga gani, alikuwa umbali gani, alimtazama kwa muda gani, na kama alipata kumwona kabla ya siku hiyo. Aliyevamiwa gizani na watu thelathini ana majibu dhaifu kwa maswali matatu ya kwanza. La nne ndilo lingeweza kuipa kesi nguvu, maana mara nyingi anamjua vema, ni mtoto wa nyumba ya tatu kutoka kwake. Ila mama wa kijana huyo ameketi nyuma mahakamani, jioni watakutana bombani, na wenzake wangali kijiweni. Shahidi husema kulikuwa na giza. Kesi huanguka, na kijana hurejea Mbagala au Tandale kwa daladala ile ile aliyopanda shahidi.